Jani Bichi

Siku ya tatu jani limeanza kuwasha.
Mbwambo aliyelichora, kule Majengo,
juu ya duka la fundi cherehani,
aliniambia nisikune, nisiloweke, nisilianike juani,
na mafuta nitajua mwenyewe:
kazi yake yeye sindano.

Kila mtu ana kopo lake.
Mama mwenye nyumba, wa Pangani, haapi kwa Mungu,
huapa kwa nazi.
Laizer, mlinzi wa geti, alicheka mpaka rungu likamwanguka:
"Sisi tunachomwa mashavu tungali watoto,
mafuta ya kondoo, basi.
Wewe umelipa elfu sitini uumizwe,
na sasa unalipa tena upone?"

Sikuwa na jibu. Nikashuka Bondeni, duka la dawa,
mkono nimeuzungushia mtandio.
Ndeonasia (jina limetariziwa kwenye koti jeupe, kwa uzi wa bluu)
akauliza kidonda cha nini.
Cha moto, nikasema.
Akaufunua mtandio kwa ncha ya kalamu.
"Moto gani huu, dada, unaojua kuchora mishipa ya jani?"

Halafu, bila mahubiri, akapanga vikopo juu ya kioo.
Hili la mgando: rahisi, zuri kwa visigino
na pua za watoto asubuhi za Julai,
ila ukilipaka zito linafunika kama bati,
kidonda kinatoka jasho chini yake.
Hili lina waridi. Ngozi mbichi haitaki waridi.
Hii ya tyubu ni ya usaha, na wewe huna usaha,
usiite polisi kabla ya mwizi.
Na hili la shea, wanalileta kutoka Lira,
halijatiwa rangi wala manukato,
isipokuwa, hebu nusa mwenyewe,
moshi kidogo.

Nikanusa.

Sikumwambia kuwa jani ni isale.
Kwao Machame, lazima alijua.
Sikumwambia neno lililonitoka Krismasi, Kibosho,
jikoni kwa mama, kuni mbichi zikitufukiza sote,
dada zangu wakimenya ndizi, visu vikasimama.
Nilipaswa kutoka, nichume jani pale mpakani,
nilifunge fundo, nirudi nalo mkononi:
anayeletewa isale hakatai.
Nikaondoka na gari la saa nne.
Miezi saba sasa. Na Kibosho si mbali,
dakika arobaini tu kutoka hapa.
Ndiyo aibu yenyewe.

Mbwambo alisema gamba likibanduliwa kwa pupa
linaondoka na wino, jani linabaki na mapengo.
Siwezi kumpandishia mama msamaha wenye mapengo.

"Kiasi gani?" nikauliza.
"Punje ya hindi. Mikono safi. Sambaza mpaka lisionekane,
ngozi ing'ae tu, isilowe.
Watu huharibu kwa kuzidisha,
wanadhani wingi ndio kupona."
Elfu tisa. Nikatoa kumi. Chenji hakuna,
akanipa plasta mbili na pipi ya tangawizi.

Usiku umeme umekatika.
Nanawa kwa maji ya ndoo, nakausha kwa kupigapiga,
nachota punje yangu, naiyeyusha kati ya viganja.
Ncha moja ya jani bado imevimba.
Chumba kizima kinanuka jikoni kwetu,
mpaka macho yanataka kulia kwa mazoea.
Nahesabu: siku kumi na moja, labda kumi na mbili,
likikubali.
Kidole kinapita juu ya fundo, taratibu,
kinarudi.
Linawasha.
Silikuni.