Dirisha la Bafuni

Barua ilikuja bila salamu:
kodi itapanda kwa yuro mia nne na ishirini,
ukubali, au ukabidhi funguo kabla Septemba haijaisha.
Queralt aliisoma amesimama, sufuria mkononi,
akairudia taratibu, kama mtu atafutaye mwiba ndani ya samaki.
Mimi nilichukua penseli.
Tangu utoto, nikishikwa na hofu napiga hesabu.

Tulihamia Manresa siku ya mvua.
Miaka kumi na mmoja ya Barcelona ilienea kwenye gari moja la kukodi
na nafasi ikabaki ya baiskeli ya Roc.
Vyumba vitatu, nusu ya kodi, na stoo ya chini
ambayo mpaka leo hatujui tutie nini.
"Hapa mtapumua," alisema dalali, Bwana Sallent.
Kweli tulipumua.
Desemba tulipumua ukungu mpaka saa sita mchana.

Treni ya saa kumi na mbili kasoro dakika nane ina watu wake.
Muuguzi mwenye shali ya buluu hulala kabla ya Terrassa
na huamka, sijui kwa dawa gani, pumzi moja kabla ya kituo chake.
Fundi lifti humenya chungwa zima ganda lisikatike.
Hatusalimiani. Tunajuana kwa vikohozi.
Treni ikikwama gizani, na hukwama,
kila mtu huinamia simu yake, uso umepakwa mwanga,
akimwandikia bosi uongo ule ule ambao leo ni kweli.

Saa tatu kwa siku, mara siku mia mbili na ishirini:
saa mia sita na sitini.
Karibu Februari nzima naikaa ndani ya behewa.
Nimeuza mwezi, basi, na bei haikuwa mbaya.
Ila mwezi wenyewe haukuwa wangu peke yangu.
Jino la kwanza la Roc liling'oka Jumanne jioni;
nililikuta kwenye kikombe cha kahawa,
dogo kama punje ya mchele, na karatasi: *baba usinywe*.

Rahisi ni ghali, husema watu.
Hawasemi hulipwa kwa sarafu gani.

Kazi yangu ni kusaga lenzi, duka la Bi Assumpta,
hatua mia mbili kutoka mlango uliokuwa wetu.
Njia ya karibu siipiti. Nazunguka kwa muuza mboga.
Wiki iliyopita akaingia mtalii kutoka Utrecht,
mrefu, mpole, miwani imekatika mkono.
"Andika unapofikia," nikamwambia, "kijana atakuletea jioni."
Akaandika mtaa wangu.
Akaandika namba yangu.
Ghorofa ya tatu, mlango wa pili.

Ningeweza kumwambia
kwamba mistari ya kalamu nyuma ya mlango wa jikoni
ni kimo cha mtoto, kama hawajaipaka rangi;
kwamba Bi Remei wa juu akigonga sakafu hana hasira,
ni fimbo yake humponyoka.
Nikasema:
"Dirisha la bafuni. Linyanyue kidogo kwanza,
ndipo ulisukume."

Alinitazama kama mpiga ramli.
"Kumbe!" akasema. "Siku tatu linatutoa jasho!"
Akacheka, nami nikacheka,
nikamtoza yuro kumi na mbili.

Usiku nilishuka Manresa saa tatu na ushei.
Queralt alikuwa amefunika sahani yangu kwa sahani.
Roc amelala kinywa wazi, pengo linaonekana.
Nikaingia bafuni kunawa vumbi la vioo.
Dirisha la hapa ni jipya, la alumini,
hufunguka kwa kidole kimoja.

Mkono wangu bado hulinyanyua kwanza.