Bizimu la Kukunja

Kaka Shija alichukua baiskeli na mabati ishirini na mawili.
Mimi, Nyamizi, nikapewa bahasha ya kaki,
ndani yake saa ya baba
na kitu tulichokiita mkanda kwa heshima tu.

Matundu saba.
La tatu limetanuka, limekuwa jicho la mbuzi:
hapo ndipo mkono wake ulipokaa miaka yote ya reli,
alipobadili njia pale makutano,
hii ya Kigoma, hii ya Mwanza,
mkono mnene, wenye grisi, usiokosea.
La tano lina ufa kidogo. Mwaka aliostaafu.
La saba halikutoka kiwandani.
Alilitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto
wiki moja kabla hatujampeleka Kitete.
Akanitazama, akasema,
"Ngozi hurefuka ikizeeka."
Nami mshona viatu nikaitikia ndiyo baba,
kana kwamba sijui ngozi.

Leo Jumapili. Kibanda cha Kanyenye nimekifunga.
Ngozi ni ya mbuzi, nimeilainisha kwa nta ya Sikonge
iliyoyeyuka polepole katika kopo la maziwa;
vidole vinanuka asali na moshi wa miyombo.
Vipande viwili, kifupi na kirefu.
Kingo nimezichonga kwa kisu
mpaka zikawa ganda la kitunguu,
nikashona kwa uzi wa katani,
mishono midogo, meno ya panya.

Bizimu niliagiza kwa Ndekeja wa vipuri.
La kukunja, chuma cheupe,
linajikunja mara tatu kama barua ya posta
na likifunga linasema: ta.
Ndekeja alicheka.
"Saa ya kizee hii! Unamvisha bibi viatu vya disko."
Nikahesabu noti zangu, nikaondoka.

Kijipini cha springi kimenirukia mara mbili.
Mara ya kwanza kikatua kwenye nywele.
Mara ya pili kikapotea kabisa,
nikatambaa chini ya meza na sumaku ya spika ya redio,
nikavua sindano tatu, njumu moja,
na shilingi hamsini ya nani sijui.
Pini ilikuwa ndani ya ndala yangu.

Magoti ya ukoo huu.
Mama alinihadithia, yeye baba hakuwahi:
alfajiri moja bizimu la zamani lilifunguka,
saa ikaenda kwenye kokoto,
naye akapiga magoti kati ya reli mbili,
taa mkononi, akipapasa,
na garimoshi la mizigo limekwisha piga honi ng'ambo ya pili.
Mkwaruzo uko hapa kwenye kioo,
juu kidogo ya tarakimu tisa,
tuliyoisoma saa tatu maisha yetu yote.

Hili la kukunja, ukilifungua
mkanda haukatiki vipande.
Unabaki pete, unaning'inia mkononi
kama mtoto aliyeambiwa achia naye hataki.
Ndicho nilichokitaka. Singeweza kumweleza Ndekeja.

Pini zimeingia kwenye masikio ya saa.
Sasa tundu.
Bizimu la namna hii hupimwa mara moja:
unachagua, unabana, umemaliza,
ngozi haichakai mahali pa kuchagua tena.
Nikapima kwa uzi mkono wangu wa kushoto.
Nikatoboa moja.

Nikatia ufunguo. Ikaanza kutembea.
Inachelewa dakika nne kwa siku,
nami sina treni ya kupisha.

Ta. Nikafungua. Ta.

Kisha nikauchomoa tena mkanda,
nikachukua kitobozi,
nikaongeza matundu mawili kuelekea ndani,
yale ya mkono mwembamba,
pale bizimu linapofunika na jicho halifiki.

Kesho Ndekeja ataigeuzageuza, atayaona, hana aibu huyo.
Ataniuliza haya ya nini, fundi mzima.
Nitamwambia ngozi hurefuka ikizeeka.