Bila Dalali

Chumba changu cha uani, Isevya, kina kalamu mbili za risasi
zilizochongwa ncha zote, kikombe cha plastiki, nyaya,
na mita ya mshale niliyoazima kwa Nkwabi fundi redio.
Kalamu ya risasi haina risasi,
nawaambia wanafunzi kila mwaka na kila mwaka wanacheka.
Ni kaboni, binamu ya mkaa wa mtundu
unaoingia alfajiri kwa baiskeli, barabara ya Sikonge,
mnyororo ukilia.

Uyoga niliung'oa kwenye gogo la mninga lililooza,
ule mgumu kama kwato, hata kuku hawaudonoi.
Nikautwanga. Nikachuja kwa kipande cha kanga.
Vitabuni kimeng'enya hiki ni cha buluu;
changu kilitoka rangi ya chai ya msibani.

Ndani yake mna shaba, chembe nne.
Moja imekaa karibu na ukuta, kama bawabu.
Tatu ziko ndani kabisa, zinangoja hewa
waigeuze maji.
Protini ikitua na bawabu ameelekea kaboni,
elektroni inapita.
Ikitua chali, imekwisha:
elektroni haina mabawa, hupenya giza hatua fupi,
zaidi ya hapo inabaki kwao.

Wengi humweka dalali,
kemikali ya kupokea huku na kukabidhi kule.
Mimi nilikataa.
Baba alilima tumbaku Urambo.
Msimu mmoja mzigo wake ulipita mikono mitano
na kilichorudi nyumbani kilikuwa risiti.
Gundi ya majani ilikaa kwenye kucha zake hadi mvua za kwanza.

Usiku tano, mshale haukutikisika.
Nikasugua ncha kwa msasa. Nikapuliza hewa kwa pampu ya mpira.
Usiku wa sita umeme ukakatika, mtaa mzima kimya,
nikawasha tochi ya simu nitafute kiberiti
na mshale ulikuwa umesogea.
Mikroampia tatu.
Haziwashi hata jicho la panya.

Asubuhi nilichemsha ile chai, nikaipoza, nikapima tena.
Mshale ukalala.
Basi alikuwa yeye.

Nkwabi alikuja saa nne kudai mita yake,
akachungulia kikombe, akanusa, akakunja uso.
"Mwalimu Kalunde, hii supu inafanya nini?"
Nilianza kumweleza, nikaishia katikati.
Nikamwomba aniachie hadi Ijumaa.