Giga Tano za Mama

Nafasi ipo. Giga arobaini na moja, tupu kabisa,
mashine yenyewe yakiri; kisha yasema faili ni kubwa mno.
Nyumba ya vyumba saba
isiyo na mlango wa kupitisha kitanda.

Diski D niliigawa mwenyewe, mwaka ule wa diploma,
nikachagua FAT thelathini na mbili
kwa kuwa ndiyo iliyosomeka kwenye redio ya duka la Mudaki.
Leo kisheria chake kimenikaa kooni:
faili moja isizidi giga nne.
Mama ana tano na vumbi kidogo.

"Kata," asema Vugutsa aliyepiga video,
"vipande viwili, nani atajua?"
Nikate wapi? Kabla hajaanza kuimba,
au pale anaposahau ubeti, akacheka,
akampa Kageha mkongojo wake
ili apige makofi vizuri?
Ndiyo mara ya mwisho alisimama bila kushikwa.

Basi nibadili mfumo. Amri ya mstari mmoja.
Vilivyomo vitabaki, wasema wanaojua,
ila kurudi ulikotoka ni kufuta vyote,
na umeme ukikatika kazi ikiwa katikati
usimuulize mtu.

Na hapa ni Mbale, saa tisa mchana.
Mawe ya mlimani yameshakuwa meusi,
radi inakohoa upande wa Kaimosi,
na betri ya laptopu hii ilikufa mwaka juzi:
inaishi kwa waya, kama mgonjwa.

Humo ndani mna barua kumi na tisa za kuomba kazi,
hesabu za chama, ramani ya shamba tulilogombania,
sauti ya marehemu Imbuhila akinitajia bei ya mahindi.
Thamani yake siijui.
Najua tu sina nakala.

Nimeandika amri. Kidole ki juu ya kitufe.
Tone la kwanza likagonga bati.

Nikafuta herufi moja moja, kuanzia mwisho,
nikaizima mashine, ndipo nikachomoa waya.
Kesho nitakwenda kwa Mudaki niazime diski ya nje,
ninakili kila kitu, hata upuuzi,
halafu ndipo.

Usiku huu Mama atalala kwenye kadi ya kamera,
kijiplastiki cha ukubwa wa ukucha,
ndani ya kopo la majani chai, juu ya kabati,
mbali na paka.

Mvua ilinyesha hadi saa mbili.
Umeme haukukatika.