Daftari la Lita

Kopo lilikuwa jekundu, halizidi kiganja,
na Shekue, muuza vipuri wa Barabara ya Kumi na Tatu,
alilishika kwa vidole viwili kama ashikaye yai:
"Mimina kwenye tangi, dada, usahau habari ya sheli.
Injini inaoga kwa ndani. Inarudia usichana."

Elfu kumi na nane.
Mimi ni mtu wa dawa; mwaka wa ishirini na moja huu
nauza dirishani pale Makorora, nyuma ya nondo.
Naijua sauti ile. Ni yangu mwenyewe
ninapompa mtu mwenye siha yake
vidonge vya kuongeza damu asiyopungukiwa.
Nikalipa hata hivyo.
Aliyezoea kuuza matumaini
hununua ya mwenzake bila kuomba punguzo.

Ila nina ugonjwa wa kuandika.
Daftari la mistari, safu tatu:
lita, kilomita, mengineyo.
Matangi matatu kwa dawa, matatu bila,
njia ile ile, Makorora, Pongwe, Muheza, na kurudi,
sheli ile ile, kijana yule yule wa pampu
aliyeanza kuniita Mkaguzi.

Kwa dawa: kilomita kumi na mbili nukta moja kwa lita.
Bila dawa: kumi na moja nukta tisa.
Nukta mbili!
Nikashika simu nimpigie Shekue.
Kisha nikasoma safu ya mengineyo:
Mvua, Jumanne.
Magunia mawili ya machungwa ya shangazi.
Tairi la nyuma halina upepo, nimejaza Alhamisi.
Nukta zangu mbili zingeenea
ndani ya gunia moja la machungwa, na nafasi ikabaki.

Nikaenda kwa Mwanaidi Semkiwa, fundi,
mikono myeusi hadi viwikoni.
Hakucheka. Alinionyesha nozeli mbili mezani:
moja imevaa masizi kama chungu cha kuni,
nyingine imetakata kiasi, si sana.
"Hii ilinyweshwa. Miezi minne, si tangi moja.
Kwa hiyo si uongo, inaosha.
Lakini moshi wako wa buluu hautoki hapa.
Ringi zimelika, gari linakunywa oili.
Sabuni, dada, haishoni nguo iliyochanika."

Akanielekeza uani kwa kidevu:
pikapu ya Mhina, boneti wazi kama kinywa cha mgonjwa.
Aliikosha injini kwa dawa kali, kesho yake ana safari.
Tope la miaka kumi na mitano likang'oka kwa siku moja,
likaenda kuziba chujio la oili,
na injini ikagonga, ikagonga, ikanyamaza Kabuku.

Wanasema mji wetu waja leo waondoka leo.
Uchafu wa injini si mgeni wa namna hiyo.
Umeingia polepole, umezoea nyumba;
ukiufukuza kwa fimbo
huondoka na mlango.

Usiku nikarudia hesabu.
Tangi lililoshinda yote halikuwa la dawa.
Lilikuwa lile la mwanzo kabisa,
nililoliandika kujaribu kalamu, kopo halijafunguliwa:
kumi na tatu nukta nane.
Nilidhani nimekosea kugawa.
Safu ya mengineyo: Mama. Bombo. Mshono.

Wiki ile nilikuwa namtoa Muheza kubadilishiwa bendeji,
amejilaza kiti cha nyuma, mto tumboni,
nami naendesha kama niliyepakata bakuli la maziwa
lililojaa hadi ukingoni.
Sikukanyaga breki kwa ghafla hata mara moja.
Sikumfukuza mtu. Mjini, baiskeli zilinipita.
"Gari lako limepona," alisema mama, macho kafumba.

Kopo lingali dirishani, nusu, kando ya dawa za minyoo.
Jana mteja kaliulizia bei.
Nikamwuliza gari lake lina umri gani,
linatoa moshi wa rangi gani,
na kiti cha nyuma huwa anambeba nani.
Akanitazama.
Akanunua dawa ya kichwa, akaenda zake.