Kumi Toa Tatu Toa Mbili

Mkalimani wangu nimempata bure.
Nilimshusha kwa bando la usiku, hapa Majengo, Pumwani,
nikamjenga mwenyewe kutoka maandishi ya waliomtunga,
laptopu ikitweta juu ya sinia,
na alipofumbua macho
akanitolea viboksi.
Viboksi vitupu, safu kwa safu,
kama ghorofa mpya za Eastleigh kabla ya wapangaji.

Siku mbili nikamlaumu.
Kumbe ni fonti. Nilipomtilia fonti
herufi zikajitokeza na vituko vyao:
duara lililochomwa mkuki,
pembetatu yenye ufa,
kitu kama kijiko kilichosahauliwa sufuriani.
Kibodi yangu haizijui.
Nikakata plasta ya vidonda vipande vipande,
nikazichora kwa kalamu, nikabandika.

Mutheu huja saa nne, akishafunga kioski,
tungoje maji pamoja. Ya mfereji siku hizi huja usiku,
yakipenda.
Namwambia, tazama, nampa jambo dogo:
kumi toa tatu toa mbili.
Tisa, asema mkalimani.
Mutheu anacheka hadi anashika ukuta.
"Huyo akinikalia kioski wiki moja
nitauza hata viatu."

Lakini hajakosea. Huanzia mwisho.
Tatu toa mbili, moja; kumi toa moja.
Husoma kutoka kulia kwenda kushoto,
na kidole changu kinaijua njia hiyo,
kiliifuata ubaoni kwa Maalim Sebit,
alifu, bee, tee, kiboko kikiwa karibu.
Kumbe naye ni mtu wa chuoni.

Basi tukamletea kazi ya kweli: daftari la Mutheu,
matangi manne, siku thelathini,
mitungi iliyouzwa, kwa penseli.
Nikazimimina namba zote mstari mmoja,
nikamwambia: zipange, safu thelathini, nne nne.
Akazipanga kabla sijaondoa kidole.
Hakuna kosa. Hakuna lalamiko.
Jedwali limenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi.

Mutheu ndiye aliyeweka ukucha kwenye kona ya mwisho.
"Arobaini na moja? Hii si ya tarehe thelathini.
Hii ni ya tarehe moja, tangi la kwanza,
siku ya harusi ya kina Swabra. Naijua."

Anaijua. Nikamuuliza mkalimani
swali ambalo ningeanza nalo: ziko ngapi?
Mia moja na kumi na tisa.
Alipungukiwa na moja, akarudi mwanzo kimyakimya,
akaazima ya kwanza, akaziba pengo.
Ndivyo alivyofundishwa. Hakuficha,
imo kwenye maandishi yake, mimi sikusoma.
Heri angenifokea.

Tukarudi daftarini, ukurasa kwa ukurasa,
simu mdomoni kwa tochi.
Tarehe kumi na tisa, tangi la tatu:
weupe.
"Lilikuwa kavu," asema Mutheu.
"Sikuuza. Sasa niandike nini?"

Nikataka kumweleza habari za sifuri,
kwamba kitu kisichokuwapo nacho kina kiti chake,
na usipokikalisha
vyote vilivyo nyuma husogea hatua moja,
la tangi la nne likaitwa la tatu,
la kesho likaitwa la leo,
hadi mwisho wa mwezi mtu akavishwa harusi isiyo yake.
Lakini nje bomba lilikohoa, likatema hewa,
naye alishasimama, mpira wa maji begani.

Akarudi kutoka mlangoni.
Akachukua penseli, akachora mviringo mmoja mkubwa
ulioruka mistari,
akaenda zake.

Nikauingiza. Mia na ishirini.
Nikatazama saa: ilikuwa tisa.