Mkufu wa Jumanne

Viti sita vya kulalia, mashine sita,
dirisha moja linalotazama maegesho ya baiskeli
na theluji ya Malmö isiyojua kuanguka wima.
Kwa saa nne damu zetu huenda matembezi,
hupita mirijani, huogeshwa, hurudi nyumbani,
na sisi tuliokatazwa ndizi, nyanya, jibini,
tuliopimiwa maji kwa kikombe cha mwanasesere,
tunacheza vyakula.

Lazima neno lianze na silabi aliyoiacha mwenzako.
Lazima chakula uwe umekila wewe, si cha kusikia.
Sheria hizo ni za Fikreta,
karani wa mahakama ya Tuzla enzi zake,
ambaye bado hutamka "Pingamizi!"
kabla hujamaliza kumeza mate.

Tena, anayekwama hutozwa faini:
afumbe macho, atupikie kwa mdomo
chakula cha mwisho kutajwa, tangu kuwasha moto,
nasi tule kwa masikio hadi ukoko wa sufuriani.

Nibaldo alianza, kama kawaida yake: empanada.
"Da," alisema Fikreta. "Da, da..."
Kwao da ni ndiyo, na ndiyo hailiwi.
Tsegereda akaidaka juu kwa juu: dabo,
mkate wa mama mkwe, mzito kama lawama.
Zinovi: borshi. Akatukumbusha, mara ya thelathini,
kwamba mafuta ya nguruwe hupondwa na kitunguu saumu
mwishoni, jamani, mwishoni.
Mimi: shishibaraki, vifuko vya nyama ndani ya mtindi,
shangazi alivifinya vikawa kama masikio.
"Ki," wakasema wote. Zinovi tena: kiseli,
matunda ya msituni yaliyoshikwa na wanga kidogo,
glasi nzima, alisema, glasi nzima,
tukajua anazungumzia maji.
Ikabaki li.

Likawa zito hilo li. Lilizunguka viti, halikupata mtu.
Mashine ya Nibaldo ikalia, muuguzi akaibonyeza ikanyamaza.
Ndipo kutoka kiti cha dirishani,
kwa Gunvor, ambaye tangu Oktoba
alikuwa ametupa salamu ya asubuhi na kwaheri, basi:
"Limpa."

Pa ikaachwa sakafuni.
Hakuwa amekwama, hakudaiwa kitu,
lakini alifumba macho akalipa.
Unga mweusi wa rai, shamari,
ganda la chungwa lililokaushwa juu ya jiko.
Kijiji cha kiwanda cha mbao, kaskazini, siku ya kuoka.
Alibandua ukoko wa juu, mkate baada ya mkate,
akaula nyuma ya kuni
na kumsingizia pacha wake, Torvald.
Torvald alichapwa mkanda. Hakumtaja.
"Ana miaka sita kaburini," alisema Gunvor,
"na ule ukoko ulikuwa mtamu."
Fikreta hakuweka pingamizi.

Zikapita siku mbili. Alhamisi Gunvor aliingia
na mkate ndani ya taulo la jikoni, bado una joto.
Hatukuruhusiwa. Tuliupitisha mkono kwa mkono,
ule mkono usio na sindano,
kila mtu akazamisha pua,
Tsegereda mara mbili,
kisha tukampa muuguzi, naye akaula amesimama mlangoni,
polepole, mbele ya macho sita,
kama shahidi aliyeapishwa.

"Pa," alisema Gunvor. "Bado inangoja."
Nilikuwa nayo tangu Jumanne, nimeibana chini ya ulimi;
siku ile isingefaa.
"Pacha," nilisema. Kichwa cha kondoo, kwato, ndimu kavu,
supu ya alfajiri kwetu Basra, watu wamesimama barabarani
na mvuke unawafunika nyuso.
Alinitazama muda mrefu. Mirija ilizunguka, myekundu.
"Cha," alisema, akacheka kwa pua,
na Nibaldo, kidole juu tangu zamani:
"Charkikani! Viazi, boga, nyama kavu..."

"Pingamizi," alisema Fikreta.
"Aanze kwa kuwasha moto."